Mti wa Wageni

Alhamisi jioni ndege ingemwaga sumu juu ya mbuga ya Isunda, na mizinga sitini na moja ya Ngassa ilikuwa imetundikwa kwenye miti ya ukingo wa mashariki wa mbuga hiyo. Kwenye ramani ya serikali hapakuwa na mzinga hata mmoja.

Habari ilimfikia Jumanne asubuhi kwa kipaza sauti cha gari la halmashauri. Alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, kijijini kusini mwa Sikonge, akisokota kamba za magome.

"Wananchi mnatangaziwa! Kweleakwelea wameingia mbuga ya Isunda. Keshokutwa Alhamisi jioni, ndege ya kunyunyizia dawa itapita mkono wa mashariki. Msichote maji, msilishe mifugo, msiokote ndege waliokufa mkala!"

Hakuna mtu wa kuwatetea kweleakwelea. Wakitua kwenye mtama asubuhi, jioni unavuna mabua. Nzega na Igunga walikuwa wamekwishalia, na sasa kundi lilikuja kulala kwenye matete ya Isunda, mpaka matete yakawa yanainama kwa uzito. Lakini nyuki nao wanakunywa maji mbuga ileile. Sumu ikimwagwa jioni, nyuki wamekwisha kurudi kwenye mizinga, hawafi. Wanakufa kesho yake wakienda kunywa. Na ilikuwa Mei, masega yamejaa, umebaki mwezi mmoja watu warine asali.

Ngassa aliwasha pikipiki bila kunywa chai. Alikwenda moja kwa moja hadi mjini Sikonge, ofisi ya halmashauri.

Afisa nyuki wa wilaya aliitwa Theodora, binti wa miaka thelathini na kitu, mchapakazi, mdomo nao anao.

"Shikamoo, mzee Ngassa."

"Marahaba. Binti, mnataka kuniua?"

"Nikuue wewe, nani atanizungusha porini? Kaa kwanza."

"Sikai. Zuia ile ndege. Isunda kuna mizinga yangu na ya kikundi kizima."

Theodora aliigeuza kompyuta yake ili aone. Kando ya barabara ya vumbi iendayo porini kulikuwa na vidoti tisa vya manjano, vimepangana kama vifungo vya shati.

"Mizinga yenu ni hii hapa. Mwaka juzi nilikuja na simu ya kupimia, tukatembea mpaka soli ikanitoka. Kila mtu akanionyesha mti wake. Wewe ulinionyesha mti gani?"

Ngassa akatazama nje.

"Mzee?"

"Nilikuonyesha mti wa wageni."

Kwao mti wa wageni hauhesabiwi kuwa uongo. Ni desturi. Mrina asali wa upande ule haonyeshi mtu miti yake, awe mgeni, awe mkwe, awe padri. Ila kila mmoja ana mti mmoja karibu na njia, ametundika mzinga wa hovyohovyo, na anayeuliza anapelekwa hapo. Wazee wanasema ilianza zama za misafara. Wapagazi walipita kwenda Ujiji na kurudi, njaa inawauma, wakawa wanaingia porini na kuangusha mizinga kwa shoka. Watu wakaona heri kuwaachia mmoja kando ya njia, wale, waridhike, waende zao. Misafara ikaisha, mti ukabaki. Wakaja watu wa kodi, wakaja wa ushirika, wakaja wa miradi, wote wakapelekwa palepale, wakapiga picha, wakashukuru, wakaondoka.

Theodora alicheka, lakini uso haukucheka. "Wote tisa?"

"Wote tisa."

"Hata mzee Sixbert? Si aliniapia kwa Biblia?"

"Aliapa kwamba ule mzinga ni wake. Ni wake kweli."

"Mficha uchi hazai, mzee wangu. Haya, angalia mlichozaa." Akagonga kioo kwa kalamu. "Hii ramani haiko tena mezani kwangu. Niliipeleka mkoani, mkoa ukaipeleka Dodoma, Dodoma ikaipeleka kwenye shirika la pamoja la nchi za kanda. Kweleakwelea hawana pasipoti. Wanalala huku leo, mwezi ujao wako kwa jirani. Kwa hiyo nchi zimekubaliana kupeana ramani. Kila serikali inaleta visima vyake, shule zake, mizinga yake. Rubani anatoka nchi nyingine, haulizi mtu njia. Penye alama anakaa mbali kilometa tano. Pasipo na alama anamwaga."

"Basi weka alama."

"Hapa naweka sasa hivi. Kule haionekani mpaka Dodoma waithibitishe na shirika waikubali. Hata nikilia, ramani ya kule haisogei."

Mchana huo walipanda gari la halmashauri hadi uwanja wa ndege wa Tabora kumwona rubani. Ngassa alikuwa amejipa moyo kwamba mtu akimwona mwenzake uso kwa uso ataelewa. Rubani alikuwa Abbasi, Mkenya, mwembamba, ana sauti ya upole. Walimkuta chini ya bawa la ndege yake ndogo ya manjano. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, mimi sikudanganyi," alisema. "Hapa uwanjani jana alikuja mtu na hadithi, leo umekuja wewe. Nikimsikiliza kila mtu anayekuja na kofia mkononi, nitazunguka angani mpaka mafuta yaishe, na wakulima wale mabua. Serikali yako imenipa ramani, imetia sahihi. Leteni nyingine yenye sahihi, nitaifuata hiyo."

"Lini?"

"Ikinifikia Alhamisi kabla sijaruka, nimeiona. Na iwe kamili. Mizinga yote ya Isunda, ya kikundi kizima. Ikija nusu naitupa, narudi kwenye ile ya kwanza."

Njiani kurudi walisimama mara moja tu. Theodora alimnunulia mahindi ya kuchoma, mzee akayashika mpaka yakapoa.

Jumatano asubuhi kikundi kilikutana kwenye banda la kuchujia asali, watu wanane na Ngassa mwenyekiti wao. Theodora alisimama mlangoni na simu yake ya kupimia. Ngassa alieleza kwa ufupi. Likafuata zogo.

"Yaani miti niliyoificha miaka arobaini leo nimwonyeshe binti wa halmashauri?" alisema mzee Sixbert. "Hata marehemu mke wangu hakuijua."

"Ndiyo maana alikufa na kinyongo," alijibu Julieth, mwanamke pekee kwenye kikundi. "Ifiche, baba. Kesho kutwa utakuwa umeficha miti mitupu."

Watu wakacheka, na kicheko kikawalegeza. Mmoja akasema anataja, wa pili akafuata. Sixbert akanung'unika, akatema mate nje, akasema haya, lakini binti atembee nyuma yake asiangalie kushoto wala kulia. Saa nne ilipofika walikuwa wamekubali wote, isipokuwa mmoja aliyekaa juu ya debe bila kufungua mdomo.

Huyo alikuwa Jonasi, shemeji yake Ngassa, mume wa Minza dada yake. Alizaliwa Ulyankulu, kwa wazazi waliokimbia Burundi, akaja Sikonge kijana akifuata kazi ya asali. Kwa kupanda mti hakuwa na mpinzani.

"Shemeji, na wewe?" aliuliza Ngassa.

"Mimi Isunda sina mizinga."

Wote wakatazama chini. Kila mwanakikundi alijua kwamba Jonasi ana mizinga arobaini na sita kwenye mkono wa magharibi wa mbuga, na kambi yake ya asali hukohuko. Walijua kama unavyojua jirani anapoficha ufunguo wake. Hakuna aliyewahi kutamka, kwa sababu kutaja mti wa mwenzio ni sawa na kuupanda na kumwibia.

"Jonasi, ramani inatakiwa iwe kamili."

"Hiyo ramani inaishia wapi?"

"Kwenye shirika la pamoja," alisema Theodora. "Nchi zote wanachama zinaiona."

"Na Burundi?"

"Na Burundi."

"Inaandikwa na jina la mtu?"

"La mwenye mizinga, ndiyo."

Jonasi akatikisa kichwa polepole. "Baba yangu aliandikwa mara tatu. Mara ya kwanza kwao, baadaye walioandika wakarudi kumtafuta na mapanga. Mara ya pili huku, akapelekwa kambini. Mara ya tatu akaulizwa anarudi au anabaki. Kila alipoandikwa alifungasha. Mimi jina langu halivuki mpaka."

"Una uraia, shemeji. Kitambulisho unacho."

"Ninacho. Kiko kabatini, wala sikitundiki juu ya mti."

"Baba, hii ni mizinga tu," alisema Theodora. "Hakuna atakayekuja kukutafuta kwa ajili ya nyuki."

"Mwanangu, wale wa kwanza nao walikuwa wanaandika mashamba tu." Jonasi alinyanyuka, akapangusa suruali. "Andika Jonasi hana kitu. Na ndege yenyewe inakwenda mashariki. Mimi inanihusu nini?"

Saa ile alikuwa amesema kweli. Ngassa alimtazama akienda. Angeweza kumwambia binti, kuna arobaini na sita kule, andika bila jina. Aliitafuna hiyo sentensi, akaimeza.

Siku nzima Theodora alitembea porini nyuma ya watu wanane. Jioni alizituma alama zote Dodoma, mizinga mia moja sitini na nane, akaandika juu yake kwamba ni kamili.

Alhamisi Ngassa alifika ofisini kabla ya mfagiaji. Hakuna kazi ngumu kama kukaa kwenye kiti cha wageni ukisubiri watu usiowajua wafungue barua. Saa tatu Theodora alipiga simu Dodoma. Mhusika, mama mmoja aitwaye Getruda, alikuwa kikaoni. Saa nne yuko kikaoni. Saa tano kikao kimekwisha, lakini Getruda amekwenda kwenye kikao kingine. Kila pikipiki iliyopita barabarani Ngassa alishtuka akidhani ni ndege.

"Mzee, unanitoboa kwa macho," alisema Theodora. "Nenda kale."

"Wewe umekula?"

"Hapana."

"Basi."

Saa saba Getruda alipiga mwenyewe. Ameziona, amezithibitisha, amezipeleka. Ikabaki shirika. Saa tisa na kitu simu ya Theodora ikaita tena. Akaiweka sauti ya juu. Alikuwa Abbasi.

"Madam Theodora, ramani mpya imeingia. Mashariki imefungwa."

Ngassa alikishika kiti kwa mikono miwili. Alitaka kucheka, akajikuta anakohoa.

"Sasa nisikize," Abbasi aliendelea. "Matete yamejaa kweleakwelea mikono yote miwili. Nikitoka mashariki naingia magharibi. Ramani yenu inaonyesha magharibi ni peupe. Ni peupe kweli?"

Theodora alimgeukia Ngassa.

"Na kama si peupe?" aliuliza kwenye simu, macho hayamtoki mzee.

"Kama si peupe basi hii nayo haijakamilika. Nairudisha, nashika ile ya kwanza, naruka mashariki. Kuahirisha siwezi, wenye mpunga wanampigia mkubwa wangu simu tangu asubuhi na kesho natakiwa Igunga. Ni hii au ile. Katikati hakuna."

"Dakika moja," alisema Ngassa. Akatoa simu yake, akampigia Jonasi. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Mkono wa magharibi hauna mtandao, alijua hivyo kabla hajapiga.

"Mzee Ngassa," Theodora alisema kwa sauti ya chini, "magharibi kuna nini?"

Akaiona mizinga yake, mmoja mmoja, na mti wa kila mmoja. Akamwona Sixbert akitembea mbele ya binti na shingo imekakamaa kwa aibu. Akamsikia Jonasi: andika Jonasi hana kitu.

"Mwenyewe alisema hakuna."

"Sijauliza mwenyewe alisema nini. Nauliza kuna nini."

"Mwenyewe alisema hakuna, binti. Ulikuwepo."

Theodora alimkazia macho kuliko heshima inavyoruhusu. Kisha akainama kwenye simu. "Ni peupe," alisema, akakata simu.

Alimpigia mtendaji wa kijiji cha upande wa magharibi ili watu watangaziwe. Mtendaji akasema atapita nyumba kwa nyumba, na kweli alipita. Ngassa hakungoja. Alirukia pikipiki hadi kwa Jonasi, akijiambia njia nzima kwamba bado lipo la kufanya. Watakwenda wote wawili, wataziba midomo ya mizinga kwa nyasi kabla ya kupambazuka, watawapelekea nyuki maji safi kwa madumu. Watu wamewahi kufanya hivyo.

Minza alikuwa anapepeta mchele uani.

"Shikamoo, kaka. Mbona umejaa vumbi hivyo?"

"Marahaba. Mumeo yuko wapi?"

"Kambini. Tangu alfajiri. Alisema mizinga mitatu imeiva mapema, analala hukohuko."

"Kambi ipi?"

Minza akacheka. "Kaka nawe! Unaniuliza miti ya mtu? Kwani kuna nini? Si mmesema ndege inakwenda mashariki?"

Ngassa akafungua mdomo, na hapo wote wawili wakaisikia. Ilikuwa mbali, kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa, ikakua, ikawa ngurumo, ikapita juu ya miyombo kuelekea machweo. Ya manjano. Minza aliifuata kwa macho, kisha akayarudisha kwa kaka yake. Ungo ukamponyoka.

"Kaka. Ile inakwenda wapi?"

Ngassa alikuwa amekwisha kupanda pikipiki. Aliendesha pikipiki kama mwendawazimu, njia ya ng'ombe, kisha isiyo njia. Kambi ya Jonasi hakuwahi kufika, lakini alikwenda moja kwa moja, bila kuuliza mtu. Alimkuta chini ya mti. Jonasi alikuwa juu, amejifunga kamba kiunoni, ndege ilipopita mara ya kwanza; akaanza kushuka, ikapita mara ya pili. Sasa alikuwa amekaa chini ameegemea shina, shati limelowa, jasho na mate yanamtoka kama mtoto anayeota meno. Hewa ilinuka kitunguu kilichooza.

"Shemeji," alisema Jonasi, "mbona imekuja huku?"

"Nyamaza. Vua shati."

"Ulijua inakuja huku?"

Ngassa alimvua shati, akamwosha kwa maji ya dumu la kambini yaliyokuwa yamefunikwa, akamfunga mgongoni kwake kwa ile kamba ya kupandia, akawasha pikipiki. Swali hakulijibu, na Jonasi hakuliuliza tena, kwa sababu alianza kutapika.

Hospitali walimpokea vizuri. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu angekuwa anaongea habari nyingine.

Kilichopotea ni hiki. Mizinga arobaini na sita ya Jonasi ilikuwa kimya yote kabla ya Jumapili. Chini ya kila mti nyuki walilala kama makapi ya mtama. Ng'ombe wawili walikunywa maji ya mbuga wakafa, kwa kuwa wafugaji wao hawakutangaziwa. Wiki mbili za Jonasi wodini. Mkono wa kulia wa Jonasi unatetemeka mpaka leo, na asiyeweza kukaza kamba hapandi tena mti. Kweleakwelea walikufa wengi, na waliobaki, ambao ni wengi kuliko hao, walihamia kwenye mtama wa watu wengine. Theodora aliandika barua mwenyewe kueleza yote, akapewa onyo na kuhamishwa. Mizinga sitini na moja ya Ngassa haikuguswa na sumu; mitatu iliibwa kabla ya kurina, mwizi hajulikani. Kikundi kimebaki na watu saba, kwa kuwa Jonasi aliondoka na Ngassa hakuwa tena na uso wa kukaa mbele yao. Na dada alikuwa naye mmoja tu. Minza akikutana naye njiani humwamkia kama anavyostahili mkubwa, shikamoo, anangoja marahaba yake, anapita.